Bushi za Pikapu ya Babako

Mwanangu Saumu,

Salamu sitazirefusha. Tunalala nyumba moja, na leo asubuhi ulinisalimia nikakuitikia kwa nusu mdomo, maana nilikuwa nimeinama natafuta spana chini ya kochi. Barua hii utaikuta juu ya begi lako ukirudi kutoka Likoni kuwaaga shangazi zako. Ina doa la girisi pembeni. Nilinawa kwa sabuni na ndimu, nikasugua kwa mchanga, lakini girisi ya pikapu ya babako ina ukaidi wa babako mwenyewe.

Ukimaliza kuisoma usije chumbani kwangu. Nakujua. Utataka kuja kukaa ukingoni mwa kitanda, unishike mguu, useme, "Si neno, mamangu." Ni neno. Niache nilale nalo.

Sitakwambia habari za kula, wala baridi ya Maralal, wala watu wa kuwaamini na wa kuwakwepa. Hayo nimeyasema mwezi mzima mpaka mwenyewe nimechoka kujisikia. Blanketi nimekufungia, utazikuta. Nataka kukwambia jambo nililokuficha, na mengine ambayo sikuyaficha ila sikujua pa kuyaanzia. Tukiwa uso kwa uso mimi hugeuza kila kitu kuwa mzaha, nawe unacheka, basi yanaishia hapo.

Bushi za pikapu zilifika zamani.

Zilifika siku ile ile niliyorudi kutoka dukani nikakwambia meli bado haijashusha. Nilikuwa nazo mkobani. Nilipanda ngazi nazo, nikapita mbele yako ukiwa umekaa unapanga vitabu vyako vya mifugo, nikaingia jikoni nikazitia ndani ya debe la unga, chini kabisa, na bakuli juu yake. Siku hizo zote ulipokuwa ukiuliza nami nikisema kesho, kesho kutwa, wakala hajapiga simu, zilikuwa pale. Chapati ulizokula zilitoka debe hilo hilo.

Njia ya mwongo ni fupi, tena yangu ilikuwa fupi kuliko zote, maana mimi ni muuza spea. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka lile la Shimanzi tangu kabla hujazaliwa. Mtu akiingia na kuiga kwa mdomo sauti ya gari lake, ko-ko-ko nikipita tuta, kwi-kwi nikikata kona, mimi namletea kinachotakiwa kabla hajamaliza. Na wewe ulinitazama tu siku ile, ukasema polepole:

"Yaani mamangu, Mombasa hii nzima, na bandari yake, haina bushi za pikapu?"

"Za kweli haina," nikakujibu. "Zilizoko ni za bandia. Wataka ukafie njiani, Rumuruti?"

Ukarudia vitabu vyako. Nikadhani umeniamini, nikajipongeza kwa kujua kusema.

Mwanzo, naapa, sikuwa na nia mbaya. Ulipopata kazi ya afisa wa mifugo huko Maralal, tukakubaliana uende na pikapu, kwa sababu kazi yako ni ya kuzunguka kwenye maboma ya watu na ng'ombe wao, na hapo gari si anasa. Nikasema haiondoki Mombasa na bushi zile mbovu za magurudumu ya mbele, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mbele ilikuwa ikigonga hata kwenye lami. Ukishika breki inavuta upande mmoja. Usukani ukiupeleka kulia, yenyewe inafikiri kwanza. Tukaiinua pale mdomo wa kichochoro, tukang'oa magurudumu ya mbele, tukaiweka juu ya mawe. Vijana wa tuktuk wakaanza kulalamika kwamba tumewazibia pa kugeuzia.

Basi ikawa kila asubuhi nikifungua dirisha naiona iko juu ya mawe, haina magurudumu ya mbele. Na kila nikiiona hivyo nafsi yangu inatulia. Nikawa nakaa kusikiliza ndara zako zikishuka ngazi. Nikawa napika mbaazi siku ambazo si za mbaazi. Ukirudi na mahamri ya moto tunakunywa chai pale barazani, unanieleza jinsi ng'ombe anavyoshikwa na homa ya kupe, nami nauliza maswali marefu ya kipumbavu ili usimalize. Saumu, nilikuwa nakukosa na hali umekaa mbele yangu. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Kumbe mtu anaweza kuwa amemshika mwanawe mkono na wakati huo huo akawa amemkosa hivyo.

Siku ya kwanza nilisema, acha siku moja tu. Ya pili ikaja ikiwa rahisi kuliko ya kwanza.

Nikuambie habari za babako, maana wewe unamjua akiwa baba, hukumjua akiwa mteja. Alikuwa fundi kwenye yadi ya malori pale Shimanzi, mtu mkimya, nguo zake zimeota mafuta. Akaja dukani na bushi ya lori iliyopasuka, akaiweka kwenye kaunta akasema, "Nipe kama hii." Nikampa. Wiki ya pili akaja tena na bushi, nipe kama hii, nikampa. Ya tatu nikaigeuza ile mbovu nikaona ina alama ya rangi ya kijani ubavuni. Nilikuwa nimeiona alama ile mara zote.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, si bushi ile ile hii?"

Akasema, "Ndiyo hiyo. Sikupata kisingizio kingine."

Nilimcheka mbele ya wateja wote, masikini. Hakuona haya. Baadaye tukishaoana nilimuuliza kwa nini bushi, si angesema tu. Akanijibu kwamba kusema hakukuwa kazi yake. Akaichukua ile bushi, alikuwa ameiweka, akanikandamizia kidole gumba kwenye raba yake nione ufa ulivyofunguka. Akanifundisha pale pale, sebuleni, chai inapoa. Bushi ni kipande cha raba kilichokaa kati ya chuma na chuma, pale ambapo mkono ulioshika gurudumu unajiunga na fremu ya gari. Haisukumi gari wala haisimamishi. Kazi yake ni kumeza mtikisiko, ili chuma kisikutane na chuma. Ikiwa nzima hakuna anayeikumbuka. Ikifa, kila mtu ndani ya gari anajua, ila hawajui ni nini kilichokufa. Nilikuwa nauza bushi miaka na miaka na sikuwahi kuzijua mpaka siku ile.

Naye alikuwa hivyo hivyo nyumbani. Alipofariki ndipo nilipoanza kusikia kugongana. Mimi na ndugu zake, mimi na mwenye nyumba, mimi na wewe. Mambo ambayo yeye alikuwa akiyameza kimya kimya bila hata mimi kujua kuna kitu kinamezwa.

Ulikuwa ndiyo kwanza umemaliza darasa la nane. Matokeo yakatoka mimi niko edani, nimefungiwa ndani na shuka nyeupe, wanawake wanaingia na kutoka. Ukaitwa shule ya bweni ya wasichana kule milima ya Taita. Ulikuja na ile karatasi mkononi ukasimama mlangoni, hujui kama ni halali kufurahi. Nami, sikungoja hata wageni waondoke. Nikasema huendi. Utasoma hapa hapa kisiwani, urudi jioni ulale hapa. Shangazi yako mkubwa akasema, "Ngoja eda ishe kwanza, waamua nini sasa hivi?" Nikamwambia kila mtu na mwanawe. Ukaikunja karatasi mara mbili, ukaenda jikoni ukawasha jiko la watu kumi na tano.

Hukulalamika. Nami nilichukua kutolalamika kwako kuwa ndiyo. Ukasoma hapa. Hata chuo ulichagua Kilifi, ukawa unarudi kila Ijumaa na begi la nguo chafu, na mimi nikawa naringia majirani kwamba mwanangu ananipenda, hawezi kukaa mbali. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyekuwa hawezi.

Sasa nitakueleza kosa langu la pikapu, ambalo ulikuwepo, ila hukujua ni kosa gani. Ulidhani ni barabara.

Mwaka ule ule watu wote waliniambia niiuze. Mwanamke na pikapu kuukuu, ya nini? Hasira ikanipanda. Ilikuwa inagonga mbele, na mimi nilikuwa nikiongeza sauti ya redio nisisikie, mpaka redio ikawa haitoshi. Nikasema nitabadilisha bushi mwenyewe. Kuuza ninauza, kufunga nitashindwa? Nikaenda yadini kwa Fundi Kilonzo, rafiki wa babako, yule Mkamba wa watu, akanitolea bushi mbovu kwa mashine yake ya kukandamiza na kunitilia mpya. Kufunga kwenye gari nikakataa asinisaidie. Nikavaa suruali ya babako, nikajifunga leso juu yake, nikaingia chini. Kilonzo akachuchumaa pembeni, mikono magotini.

Nilipoanza kukaza boliti akasema, "Mama Saumu, usikaze sasa. Shusha gari kwanza."

Nikamwambia, "Nishushe gari na boliti zimelegea?"

"Ziweke tu zishike. Gari ikae chini kwa miguu yake, ndiyo ukaze."

Nami nikaona huyu ananidharau kwa kuwa ni mwanamke. Ananitaka nishushe, kisha aseme umechoka mama, lete spana nimalizie. Nikakaza nikiwa pale pale, magurudumu yananing'inia hewani. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, kwa uchungu wote niliokuwa nao, mpaka boliti ikagoma kusogea. Kilonzo akainuka, akapangusa magoti, akaenda kunywa chai. Alikuwa ameshasema. Yeye huwa hasemi mara mbili.

Ikakaa kimya wiki chache, nikatembea kifua mbele. Kisha ile siku tuliyokwenda Kwale kwa bibi yako. Tulivuka feri, tukapita Ng'ombeni vizuri, wewe umekaa na sinia ya visheti mapajani. Pale kwenye mteremko nikashika breki, gari likavutwa kushoto kana kwamba limeitwa. Tukaingia kwenye shamba la muhogo la watu. Hakuna aliyeumia. Visheti vilitapakaa hata kwenye nywele zako. Ulinitazama ukasema, "Mamangu, achia sasa," ukanishika mkono wewe, mtoto, ukanifungua vidole kimoja kimoja kwenye usukani. Wakati huo bado una sare ya kidato cha kwanza mpya kabatini, ya shule ambayo hukuichagua.

Bushi zote zilikuwa zimechanika. Mpya kabisa. Kilonzo alizitoa akaniwekea moja kiganjani, na kwa mara ya kwanza akanieleza, kwa upole, hakunisimanga. Raba ile ndani imegandishwa kwenye chuma, haizunguki, inajipinda tu. Ukikaza gari likiwa limening'inia, unaifunga raba katika hali ambayo si yake. Gari likishuka, uzito ukikaa, raba inajikuta imepindika tangu siku ya kwanza, hata gari likiwa limesimama tu. Haipati kupumzika. Inaanza kazi ikiwa tayari imechoka, na haichukui muda inachanika.

Niliishika bushi ile nikalia pale yadini, katikati ya madereva wa malori. Kilonzo akadhani nalilia pesa zangu. Nilikuwa namwona mwanangu amesimama mlangoni na karatasi, nami niko ndani ya shuka nyeupe, hewani kabisa, sina hata mguu mmoja uliogusa chini, nakaza maisha yake kwa nguvu zangu zote.

Nilijua tangu siku ile, Saumu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Shule ya Taita wangekupokea muhula wa pili, niliuliza, walikubali. Nikajiambia ameshazoea hapa. Sikukwambia kamwe kwamba walikubali. Nakwambia leo.

Basi tuje kwenye juzi.

Juzi ulipokea simu ukatoka ngazini kuzungumza. Nilikuwa jikoni, na ngazi zetu unazijua, jiwe la matumbawe halifichi siri. Sikutega sikio, lakini sikuliziba pia. Ukamsalimu mkuu wako kwa adabu zote. Ukasikiliza sana. Akawa anakueleza, nadhani, kwamba usipofika Jumatatu nafasi itapewa mwingine, maana ulirudia, "Jumatatu. Ndiyo, naelewa." Kisha akakuuliza kitu. Ukasema:

"La, gari si tatizo, bwana. Vifaa vyake viko, vimefika. Ni mamangu bado hajawa tayari."

Nilishika ukingo wa meza.

Ukaendelea, sauti chini, "Nisipoweza nitakupigia. Mpe huyo mwingine tu, sitakulaumu."

Ulirudi jikoni ukaniuliza kama maji ya chai yamechemka. Uso wako mweupe kabisa, hauna hata kivuli cha lawama. Ukafungua debe la unga, ukachota wa chapati ukiwa umesimama pale pale, na bakuli ukalirudisha taratibu, taratibu, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Hapo nikajua. Umejua tangu lini? Tangu siku ya kwanza? Umekuwa ukichota unga juu ya bushi siku zote hizo, na kila asubuhi unanijia kuniuliza, "Bado, mamangu?" nami nasema bado, nawe unanipa siku nyingine.

Usiku ule sikulala, lakini si kwa ajili ya kuondoka kwako. Nilikuwa nahesabu umenifungulia vidole mara ngapi. Nilijiona mkubwa wako, kumbe wewe ndiye uliyekaa kati yangu na kila kitu, unameza. Ungeiacha kazi hiyo. Ungempigia yule bwana Jumatatu asubuhi, ukaja barazani, ukakaa, ukasema, nimeona si nzuri, Maralal mbali. Na mimi ningejidanganya tena miaka mingine kumi kwamba ni mapenzi yako.

Ndipo jana nikakuomba ukanisaidie dukani siku nzima, nami nikasema naenda hospitali kupima presha. Uongo wa mwisho huo, nisamehe. Nilikwenda kwa Kilonzo na mikono ya magurudumu nimeipakia kwenye tuktuk. Amezeeka Kilonzo, ila mashine yake ya kukandamiza iko vile vile, na macho yake vile vile. Alifungua boksi la kwanza, akaipuliza bushi, ukaruka unga mweupe.

"Mama Saumu," akasema, "hizi mmezisafirisha kwa meli ya ngano?"

"Zifunge tu, Kilonzo."

"Nafunga." Akaiangalia nyingine, akaipuliza. "Mke wangu alificha viatu vya kijana wetu alipopata kazi Kisumu. Akaenda na ndara."

"Akarudi?"

"Anakuja Krismasi. Na viatu." Akaanza kusukuma mashine, bushi ikaingia mahali pake bila kelele. "Msichana ameshajua?"

Nikamwambia amejua zamani. Akatikisa kichwa, akasukuma bushi ya pili. Nimeshakwambia huyo hasemi mara mbili.

Leo ulipokwenda Likoni ndiyo tumefunga, mimi na yeye. Nilivaa suruali ile ile, kiuno sasa kinanibana. Vijana wa tuktuk walikuja kutazama, mmoja akaniambia, "Bi mkubwa, toka huko, utaumwa mgongo," nikamwambia mgongo huu umelala chini ya pikapu hii kabla mamake hajamtia wanja. Wakacheka, wakatusaidia kuishusha. Sasa ukipita hapo mdomo wa kichochoro utaiona imesimama kwa magurudumu yake manne, juu ya mbao nene tulizoweka ili mtu aweze kuingia chini. Imesimama vizuri, mwanangu. Imenyooka. Nilizunguka nikaitazama kutoka kila upande, na moyo wangu ukafurahi kweli kweli, kisha ukauma pale pale. Nilitaka uwepo uione, na nilitaka usiione kamwe. Siwezi kuyatenganisha hayo mawili, wala sijaribu tena.

Sitaki ufikiri kwamba nimepona. Kesho jioni nitapika kwa kipimo cha watu wawili, sina budi, mkono haujui kingine. Nitafungua dirisha na pale mdomoni patakuwa peupe, vijana watageuza tuktuk zao kwa furaha. Nitakutamani kwa namna ya aibu, mtu mzima kama mimi. Nitakutamani mpaka ndara zako, na hizo niachie, usiende nazo. Lakini hayo ni yangu. Usiyabebe. Ukinipigia simu nikasema niko salama na sauti inasema vingine, usigeuze gari. Na usirudi Ijumaa. Rudi siku utakayotaka mwenyewe kurudi, ndiyo nitaifurahia.

Kuna kazi moja imebaki. Kilonzo alitaka kuimaliza leo. Akasema atazame yadini apate magunia ya saruji, tuyapakie yawe badala ya mizigo yako, na yeye mwenyewe akae kwenye usukani awe badala yako, ili gari likae kwa uzito litakaokwenda nao. Nikakataa. Boliti za bushi ziko mahali pake, zimeshika, lakini hazijakazwa.

Kesho ukishasali alfajiri, pakia kila kitu. Kasha la dawa, mabuti, vitabu, blanketi, debe la visheti, usiache hata kimoja mlangoni. Kisha ingia ukae kwenye usukani. Usikae pembeni kama mtu anayeshuka sasa hivi. Kaa kama mtu anayekwenda Maralal, mgongo wote kwenye kiti, mikono juu ya usukani. Usiwashe. Mimi nitakuwa nimeshaingia chini na spana.

Nitakaza taratibu safari hii. Utasikia chuma kikilia kidogo upande wako, kisha upande wa pili. Kikinyamaza, nami nikikawia kutoka, usishuke na usiniite. Nitakuwa nimemaliza kukaza, nangoja tu uso ukauke. Nitatoka upande wako, nitasimama, nitakufungia mlango vizuri kwa mkono wangu, na nikiondoa mkono kwenye dirisha, washa gari uende.

Mamako